Kutunza, kukarabati, kurejesha: kazi tatu zinazochanganywa katika makanisa yetu ya zamani

Parokia ya zamani mjini Lubumbashi inapotangaza mchango wa kutengeneza kanisa, mabishano huanza kabla bahasha hazijagawiwa. Wako wanaotaka kuta zipigwe lipu ya saruji, sakafu iwekwe karo, yaani vigae vya kisasa, na nje kupakwe rangi mpya, ili kanisa lipendeze sawa na yale yanayojengwa siku hizi pembezoni mwa mji. Wako wanaosema jengo la wazee lisiguswe hata kidogo. Na wako, tena si wachache, wanaouliza kwa nini fedha zote hizo zisitumike kubomoa na kujenga kanisa kubwa zaidi, kwa kuwa waamini wameongezeka na viti havitoshi. Pande zote tatu hutumia neno moja, kutengeneza, huku kila upande ukiwa na kazi yake kichwani. Makala haya yanajaribu kuzitenganisha kazi hizo, na kueleza kwa nini jengo la matofali lililostahimili mvua za miaka mia linaweza kuharibiwa kwa muda mfupi na watu wanaolipenda.

Kutunza ni zile kazi ndogo zinazorudiwa kila mwaka: kusafisha mifereji ya paa, kurudisha bati lililoinuliwa na upepo, kuondoa miche iliyoota ukutani ingali michanga, kuziba tundu ambalo njiwa wameanza kulizoea. Hakuna anayezindua kazi ya namna hiyo kwa misa wala kwa kukata utepe, na ndiyo maana husahauliwa. Kukarabati ni kurekebisha sehemu iliyokwisha kuharibika ili jengo liendelee kutumika, kwa mfano kubadilisha boriti iliyoliwa na mchwa. Kurejesha ni kazi nyingine kabisa: ni kuirudisha sehemu ya jengo katika sura iliyokuwa nayo zamani kwa kufuata ushahidi, yaani picha za wakati ule, michoro ya wajenzi, alama zilizobaki ukutani, au rangi ya kwanza iliyogunduliwa chini ya matabaka ya rangi zilizofuata. Kujenga upya ni pale jengo lenyewe lilipokwisha kutoweka.

Tofauti hizo huonekana vizuri zaidi katika majanga. Mnamo 17 Januari 2002 lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo iliingia katikati ya mji wa Goma na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Kinachosimamishwa baada ya pigo la namna hiyo ni kanisa jipya, hata likiendelea kubeba jina la mtakatifu yule yule. Kanisa la Notre-Dame mjini Paris liliungua 15 Aprili 2019 na kupoteza paa lake la mbao pamoja na mnara wake mwembamba, lakini kuta na sehemu kubwa ya dari la mawe zilibaki zimesimama. Kwa kuwa vipimo vya paa hilo vilikuwa vimechukuliwa kabla ya moto, maseremala waliweza kuchonga upya boriti za mwaloni kwa shoka, wakifuata za zamani, na milango ikafunguliwa tena Desemba 2024. Hapo tunaweza kusema kwa haki kwamba kanisa limerejeshwa. Hata hivyo, mnara ulioanguka haukuwa wa zama za kati kama kanisa lenyewe. Uliongezwa katika karne ya 19 na msanifu Eugène Viollet-le-Duc. Waliorejesha walilazimika kuamua kama wanalirudisha kanisa katika karne ya 13 au katika siku ile kabla ya moto, na wakachagua ya pili. Swali hilo halikwepeki popote. Jengo lolote la zamani limepita katika mikono mingi, na anayesema analirejesha hana budi kusema analirejesha mwaka gani.

Wataalamu wa majengo ya kale walikubaliana kuhusu jambo hilo mwaka 1964, walipoandika Hati ya Venice, ambayo mpaka leo ndiyo rejeo kuu la kazi hii duniani. Hati hiyo inaanza na utunzaji wa kudumu, na kuweka urejeshaji kama kazi ya nadra. Inataka urejeshaji usimame mahali ambapo kukisia kunaanza: kama hakuna anayejua madirisha ya zamani yalikuwaje, fundi hana ruhusa ya kuyabuni na kuyaita ya asili. Inataka pia sehemu inayowekwa badala ya iliyopotea ipatane na jengo zima, lakini itambulike kwa jicho la karibu kuwa ni mpya, ili historia isighushiwe. Na kwa wale wanaodhani urithi ni kufunga mlango na kuweka kamba, hati hiyo hiyo inasema jengo hulindwa vizuri zaidi linapoendelea kutumika. Kwa maoni yangu, kanisa ambamo watu husali kila Jumapili lina bahati kuliko makumbusho, kwa sababu paa likivuja watagundua wiki hiyo hiyo.

Hapa nyumbani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ipo amri-sheria nambari 71-016 ya 15 Machi 1971 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni. Watu wengi huogopa neno kuorodheshwa, yaani jengo kuandikwa rasmi kuwa urithi unaolindwa, wakidhani serikali itakuja kuchukua kanisa. Kuorodheshwa hakumnyang'anyi mwenye mali umiliki wake. Kunachofanya ni kumzuia asibomoe wala kubadilisha jengo bila idhini ya mamlaka. Uzito wa sheria unategemea, bila shaka, kama kuna mtu wa kuisimamia, na kila mkazi wa miji yetu ameona nyumba ya miaka ya 1930 ikigeuka kifusi mwishoni mwa juma. Lakini kutoorodheshwa hakulifanyi jengo kuwa la thamani ndogo, na parokia haihitaji muhuri wa serikali ili kuanza kusafisha mifereji yake.

Sasa tuingie katika kuta zenyewe, maana humo ndimo makosa mengi hufanyika.

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, reli kutoka kusini ikafika mwaka huo huo, na tanuri la kuyeyusha shaba likawashwa mwaka 1911. Mji uliokuwa unakua kwa haraka hivyo ulihitaji matofali mengi, na udongo wake haukuwa mbali. Katanga ni nchi ya vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo ambao mchwa wameupandisha humo una mfinyanzi mwingi kuliko udongo unaouzunguka. Mpaka leo mafundi wa pembezoni mwa mji hubomoa vichuguu, hukanyaga udongo wake kwa maji, huufyatua katika vibao, huupanga kuwa tanuri na kuuchoma kwa kuni kwa siku kadhaa. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, la mwanzoni mwa miaka ya 1920, na majengo mengi ya rika lake yamo katika ukoo huo wa matofali mekundu. Kuna kejeli hapo isiyoweza kupita bila kutajwa: mchwa wametupatia kuta, kisha wao wenyewe ndio wanaokula boriti za paa.

Tofali lililochomwa kwa kuni halifanani na la kiwandani. Lililokuwa karibu na moto limekuwa gumu na jeusi kidogo. Lililokuwa pembeni limebaki laini na la rangi ya chungwa. Ngozi yake ya nje ndiyo iliyopata moto mkali zaidi, na ndani yake ni laini zaidi na lina vitundu vingi vidogo. Kupitia vitundu hivyo maji huingia, hupanda kutoka ardhini, husafiri, na hutoka. Ukuta wa zamani haukujengwa ili usipate maji kamwe. Ulijengwa mnene, ili maji yanayoingia wakati wa masika yasifike ndani, kisha yapate nafasi ya kutoka kiangazi kinapofika. Katika Lubumbashi mpangilio huo una mantiki sana, kwa sababu mvua hunyesha karibu yote kati ya Oktoba na Aprili, na kuanzia Mei hewa hukauka kwa miezi mitano mfululizo.

Kinachoruhusu maji kutoka ni viungio, yaani mistari ya mota iliyo kati ya tofali na tofali. Katika kuta nyingi za zamani mota hiyo ni ya chokaa na mchanga. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwa joto la nyuzi 900 hivi. Moto huifukuza hewa ya ukaa iliyokuwa ndani ya jiwe, na kinachobaki, kikimwagiwa maji, huchemka kwa nguvu na kuwa uji mweupe. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kuwekwa ukutani, huanza kuivuta tena ile hewa ya ukaa kutoka angani, na polepole, kwa miezi na hata miaka, hurudi kuwa jiwe. Ni jiwe laini, linalopitisha unyevu, na linaloweza kufuata ukuta unapojisogeza kidogo bila kupasuka vibaya. Watu wa Bukavu wanajua thamani ya sifa hiyo ya mwisho: tetemeko la 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, lilichana kuta nyingi za mji huo.

Saruji ni kitu kingine. Huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, hukauka kwa siku chache, huwa ngumu kuliko tofali la kichuguu, na hupitisha maji kwa shida sana. Kwa nyumba ya bloku za saruji sifa hizo ni njema. Juu ya ukuta wa matofali laini zinakuwa balaa, na hapa ndipo imani iliyoenea kuliko zote, kwamba kilicho kigumu zaidi ndicho bora zaidi, inapotupoteza. Chukua bukari (ugali) ya moto uifunge kwenye mfuko wa plastiki: mfuko hautaruhusu tone la maji kuingia, lakini bukari itatoka jasho, jasho halitapata pa kwenda, na baada ya saa moja sehemu ya nje itakuwa imelowa na kuharibika. Ukuta uliopigwa lipu ya saruji au kupakwa rangi ya mafuta uko katika hali hiyo. Maji bado yanaingia, kutoka chini ya msingi, kutoka kwenye bati lililotoboka, kupitia nyufa nyembamba ambazo lipu ngumu haikosi kuzipata. Kilichozibwa ni njia ya kutokea tu.

Yakizuiwa kutoka, maji hufanya mambo mawili. Kwanza hupanda juu zaidi kutafuta njia, hivyo unyevu uliokuwa ukiishia magotini sasa hufika kifuani. Pili, hubeba chumvi. Maji ya ardhini yana chumvi iliyoyeyuka, na kila yanapokauka huiacha nyuma ikiwa fuwele. Kama kiungio ni cha chokaa, maji hutokea hapo, chumvi hujikusanya hapo, na kinachomomonyoka ni chokaa yenyewe, ambayo fundi anaweza kuibadilisha kila baada ya vizazi viwili bila kugusa tofali hata moja. Kama kiungio ni cha saruji, maji hayana pa kupitia ila uso wa tofali. Fuwele hukua nyuma ya ile ngozi iliyochomwa vizuri, huisukuma, na ngozi hudondoka. Ndiyo sababu ya picha ya ajabu unayoweza kuiona katika kuta kadhaa za mji wetu: mistari ya saruji imesimama mizima, imejitokeza nje, na matofali yaliyokuwa kati yake yamelika kwenda ndani kwa kina cha vidole viwili. Fundi aliyeifanya kazi hiyo hakuwa mvivu wala mwizi. Alitumia kitu chenye nguvu kuliko ukuta, na ukuta ndio ulioshindwa.

Anayetaka kujua ukuta wake una nini hahitaji maabara. Akikwaruza kiungio kwa ufunguo na kikatoka unga mweupe au wa rangi ya mchanga, yaelekea ni chokaa. Ufunguo ukiteleza na kuacha alama ya chuma, ni saruji. Akibisha lipu kwa kifundo cha kidole na kusikia sauti ya utupu, lipu imekwisha kuachana na ukuta na maji yanashuka nyuma yake. Unga mweupe unaorudi kila kiangazi baada ya kufagiwa ni chumvi, na kuusugua kwa maji ni kuurudisha ndani. Kuhusu ufa, kabla ya kuuziba mtu aweke alama mbili za kalamu kwenye ncha zake na kuandika tarehe kando, kisha asubiri. Ufa usiosogea kwa mwaka mzima ni kovu la zamani na unaweza kujazwa. Ufa unaopita alama zake unasema kwamba msingi au paa linasogea, na kuuziba ni kuficha habari.

Karo nazo zinastahili neno. Sakafu za zamani za vigae vya udongo au matofali huacha unyevu wa ardhini upande taratibu na kupotea hewani katika eneo lote la kanisa. Zikifunikwa kwa zege na karo zinazong'aa, unyevu ule ule hutambaa chini hadi kwenye kuta na kupanda humo. Hali huwa mbaya zaidi pale kamati inapoongeza nje mkanda wa saruji kuzunguka jengo ili watu wasikanyage tope baada ya misa. Kamati nyingi hushangaa kwamba kuta zilianza kulowa mwaka uliofuata baada ya ukarabati, na kulaumu msingi wa wazungu.

Hata hivyo, chokaa si dawa ya kila jengo, na ni vizuri kusema hivyo kabla mtu hajakimbilia kuinunua. Baadhi ya majengo yetu ya urithi ni ya zege lenye nondo, kama ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Lubumbashi wa miaka ya 1950, ambao wengi wanaujua kwa jina la Jengo la 30 Juni, na baadhi ya majengo ya Bukavu ya enzi hiyo. Katika zege, hewa ya ukaa ile ile inayoikomaza chokaa ni adui. Ikipenya taratibu mpaka kwenye nondo, hupunguza kinga iliyokuwa ikizuia kutu; nondo hushika kutu, hupanuka, na kulipasua zege kutoka ndani. Hapo kazi ni kuondoa zege lililokufa, kusafisha nondo na kuzirudishia kinga, na inahitaji mhandisi. Kila nyenzo ina ugonjwa wake, na mtu anayekuja na dawa moja kabla ya kuuliza jengo limejengwa kwa nyenzo gani anapaswa kushukuriwa na kurudishwa nyumbani.

Pamoja na hayo yote, adui mkuu hayuko ukutani bali juu. Tufanye hesabu. Kanisa lenye paa la mita 40 kwa 15 lina eneo la mita za mraba 600. Dhoruba moja ya milimita 50, ambayo si kitu cha ajabu mwezi wa Januari, humwaga juu ya paa hilo lita 30,000 za maji, sawa na bidoni 1,500 za lita 20. Maji hayo yakiongozwa na mifereji hadi mbali na msingi, kanisa halitajua kwamba mvua ilinyesha. Mfereji mmoja ukiziba kwa majani ya maembe, bidoni mamia huteremka mahali pamoja, usiku mmoja, kwenye kona moja ya ukuta, na usiku unaofuata tena. Ukipita katika majengo ya zamani na kutazama mahali palipoharibika zaidi, mara nyingi juu yake utakuta bomba lililokatika au mfereji ulioota nyasi.

Paa lina hatari nyingine isiyozungumzwa vya kutosha. Majengo mengi ya katikati ya karne iliyopita yaliezekwa kwa yale mabati ya kijivu ya saruji ambayo watu huyaita Eternit, na ya wakati ule yalichanganywa na asibesto, nyuzi za madini ambazo zikivutwa mapafuni zinaweza kusababisha saratani baada ya miaka mingi. Bati la namna hiyo likiwa zima na halijaguswa lina hatari ndogo. Hatari iko katika kulikata kwa msumeno, kulitoboa, kulisugua kwa brashi ya waya, au kulivunja na kulitupa ili watoto wachezee vipande. Likilazimika kuondolewa, lilowanishwe kwanza, lishushwe zima zima, wafanyakazi wavae barakoa zinazofaa vumbi jembamba, na kila kipande kifungwe na kuzikwa mahali panapojulikana.

Mengine niyataje kwa haraka. Mtini ulioota kwenye mnara usivutwe kwa nguvu, kwa sababu mizizi hutoka na matofali. Ukatwe, kisiki kiuawe, na mizizi iachwe ioze kabla ya kujaza pengo. Popo ndani ya dari hawana ubaya kwa sala, lakini kinyesi chao kimejaa chumvi zile zile zinazokula kuta, na uzito wake huangusha mbao. Nyaya za umeme za zamani, zilizoongezewa spika za kwaya, jenereta na taa za Noeli, ni njia fupi ya kufikia yaliyowapata watu wa Paris. Mashariki mwa nchi yetu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo mnara usio na kinga ya radi ni bahati nasibu, na waya wake wa shaba ukaguliwe mara kwa mara, maana katika miji yetu shaba ina miguu.

Vipi kuhusu uzuri? Waamini wanataka kanisa safi, na haki yao ni ya kweli. Lakini kusafisha matofali kwa kuyapiga mchanga kwa mashine, au kwa tindikali, huondoa ile ngozi iliyochomwa na kuacha sehemu laini ikitazama mvua. Linapendeza kwa Pasaka moja. Maji kidogo na brashi laini hutosha mara nyingi. Weusi wa ukuta nao haufanani kila mahali. Mwingine ni kuvu, na unaonyesha kwamba mahali hapo hapakauki. Mwingine, katika nyumba zilizokuwa kwenye njia ya moshi wa kiwanda cha shaba, unaweza kuwa ni salfa iliyoshirikiana na chokaa na kuigeuza kuwa jasi, tabaka gumu linalobeba masizi. Kwanza ijulikane ni nini, ndipo ioshwe.

Kuna hoja nzito kuliko zote hizi za kiufundi, nayo husikika hasa kwa vijana: kwa nini tulinde majengo ya wakoloni? Hoja hiyo haijibiwi kwa kusema kwamba majengo hayo ni mazuri. Kanisa kuu la Lubumbashi lilisimamishwa katika mji uliotengwa kwa rangi, ambako ukanda mtupu uliachwa kati ya mji wa wazungu na mitaa ya Waafrika. Lakini waliochimba udongo, wakafyatua matofali na kupanda jukwaa walikuwa babu zetu, na waliobatizwa, wakaoa na kuagwa humo kwa zaidi ya miaka sitini ya uhuru ni sisi. Tofali lenye alama ya vidole vya mfyatuaji ni hati ambayo haikuandikwa mahali pengine popote, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa. Anayetaka historia hiyo isemwe kwa ukali wake wote anahitaji jengo liwepo ili alionyeshee kidole.

Na ufinyu wa nafasi? Hilo ni tatizo halisi, wala halitatuliwi kwa kuwahubiria watu urithi. Zipo njia kabla ya nyundo: kuongeza misa, kujenga banda wazi au ukumbi kando, kuunganisha kanisa jipya na la zamani kwa namna ambayo la zamani linabaki kusomeka. Kanisa dogo la zamani linaweza kubaki la misa za asubuhi, ubatizo na kuabudu. Uamuzi wa kubomoa, hata ukifanywa kwa nia njema, ndio pekee kati ya yote ambao kamati itakayokuja haiwezi kuusahihisha.

Kamati yenye fedha kidogo ianzie juu na kushuka: paa, mifereji, mabomba ya kuteremshia maji, ardhi inayozunguka msingi ili iteremke kuelekea nje. Kazi hizo zifanyike Agosti na Septemba, kabla ya mvua ya kwanza. Kisha ukuta uachwe ukauke kiangazi kizima kinachofuata, kwa sababu ukuta mnene haukauki kwa wiki mbili, na sehemu ya matatizo yaliyodhaniwa kuhitaji lipu itakuwa imekwisha yenyewe. Ndipo vifuate viungio. Chokaa haitoki mbali: mawe yake huchimbwa Kakontwe, karibu na Likasi, ambako yamechomwa kwa miaka mingi kwa ajili ya viwanda vya madini. Kilicho adimu ni mafundi waliozoea kuitumia ukutani, wanaojua kwamba kiungio kilichochakaa hutolewa kwa patasi ya mkono hadi kina cha sentimita mbili au zaidi na si kwa mashine ya kukatia inayojeruhi kingo za matofali, kwamba sehemu moja ya chokaa huchukua sehemu mbili na nusu au tatu za mchanga uliooshwa, na kwamba kazi mbichi hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili upepo mkavu wa Julai usiikaushe kabla haijashika.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba wa ukuta mzima, kamati imwombe fundi afanye mita moja ya mraba tu, upande unaopigwa zaidi na mvua, kwa mota anayoipendekeza, na aandike kwenye daftari la parokia kiasi cha chokaa, mchanga na maji alichotumia. Kipande hicho kiachwe masika moja nzima. Mwezi wa Mei mtu akikwaruze kwa ufunguo, aangalie kama matofali yanayokizunguka yamekauka au yametoa unga mweupe, na hapo ndipo bei ya ukuta wote ijadiliwe.